Shada Kwenye Picha ya Mtu Aliye Hai

Nina kiherehere. Wacha nianze hapo, maana kila baya nililowahi kufanya hapa Doha lilianza na kiherehere, halikuanza na roho mbaya. Mama yangu kule Kitale alikuwa akiniambia iko siku nitaumbuka, na mimi nikimjibu kwamba wasio na kiherehere ndio hao wanaozeeka wakingoja kuitwa. Siku hizi simjibu hivyo tena.

Mimi ni mlinzi. Kampuni ilinipeleka kwenye shule moja ya Wahindi, lango la upande wa wasichana, na huko ndiko niliko mpaka leo. Basi letu hunishusha mimi kwanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha linaendelea na wenzangu wanaolinda hoteli za Al Sadd. Nafungua lango, nawasha taa za ukumbi wa mbele, nakagua vyoo, halafu nangoja mabasi ya wanafunzi. Katikati hapo pana karibu saa nzima ya bure. Mtu wa aina yangu hafai kuachiwa saa nzima ya bure.

Ndani ya saa hiyo ndimo nilimozoeana na mwalimu wa maktaba. Alikuwa mtu wa Kerala, kusini mwa India, mwembamba, mwenye miwani minene na sandali za mpira ambazo hazikutoa sauti hata chembe juu ya marumaru. Alikuwa ameishi Doha miaka mingi kuliko umri wangu. Mke wake alikufa zamani na hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki ni mama yake, ajuza aliyekaa kijijini na dada yake Mwalimu. Aliniita "mole", ambalo kwao ni neno la kumwita binti yako, nami nikamwita Mwalimu. Tulizungumza Kiingereza cha huku, kila mtu analeta alichonacho, na palipopungua tunatia Kiarabu.

Kilichokuwa moyoni mwake zaidi ya vitabu ni sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao lenye bahasha mia tatu sitini na sita, moja kwa kila siku ya mwaka, pamoja na ile siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. Ndani ya kila bahasha alikuwa ameweka picha za Wahindi mashuhuri waliozaliwa au kufa siku hiyo. Waimbaji, majaji, wanahisabati, wacheza kriketi, wapigania uhuru, akina mama waliofungua shule mahali ambapo msichana hakutakiwa kusoma. Alizikata magazetini kwa miaka na miaka, akazibandika kwenye kadi, na nyuma akaandika habari zao kwa mkono. Kila asubuhi alizitundika kwenye ubao wa ukumbi wa mbele, waliozaliwa upande wa kushoto, waliokufa upande wa kulia.

Magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda kigoda, kwa hiyo nikapanda mimi. Hakuniomba, nilijipeleka. Yeye alinipa kadi moja moja kutoka chini, akinieleza huyu alifanya nini, na mimi nikibandika. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nawajua wakubwa wa India kuliko wa kwetu. Watu wengi walikuwa na kadi mbili, moja ya siku waliyozaliwa na moja ya siku waliyokufa, na picha ilikuwa ileile. Leo unambandika kushoto mtu na sura yake changa, miezi mitatu baadaye unambandika kulia na sura ileile changa, macho yaleyale yakikutazama. Jambo hilo lilinitia baridi nisijue kwa nini.

"Kila mtu ana bahasha mbili humu, mole," aliniambia asubuhi moja. "Moja anaijua. Ya pili anaipita kila mwaka bila kujua."

Nikamwambia hayo si maneno ya kumwambia mtu ambaye hajanywa chai.

Sasa nieleze habari ya shada, maana hapo ndipo nilipoanguka. Siku ya mtu mkubwa hasa, Mwalimu aliweka meza ndogo chini ya ubao, akasimamisha picha kubwa yenye fremu, na akaivisha shada la maua ya plastiki ya rangi ya machungwa. Nilimwona akifanya hivyo siku za kufa, lakini pia siku za kuzaliwa. Mwimbaji fulani siku yake ya kuzaliwa, shada. Mwanahisabati siku yake ya kuzaliwa, shada. Wengine wa siku za kuzaliwa hawakuvishwa kitu. Sikuuliza. Nilijiamulia mwenyewe kwamba wasiovishwa ni wa daraja la chini kidogo. Kumbe hao wasiovishwa ndio waliokuwa bado hai.

Na mimi nimetoka Kenya. Kwetu mtu akihitimu chuo tunamvisha mashada ya kumetameta mpaka shingo haionekani. Mwanariadha akirudi na medali, shada. Bibi harusi, shada. Shada kwetu ni hongera. Ningejuaje kwamba kwa watu hawa ukimvisha mtu mwenyewe shingoni ni hongera, lakini ukiivisha picha yake umesema amekufa?

Tarehe yake ya kuzaliwa niliiona kwenye kitambulisho, maana kila mwaka sisi wa langoni tunaandika upya orodha ya wafanyakazi. Nikamuuliza kama siku hiyo ina bahasha nzuri. Akacheka. Akasema siku hiyo wamezaliwa mwimbaji mkubwa na jaji mkubwa, na amekufa mhandisi mmoja wa madaraja, kwa hiyo bahasha imejaa, yeye hana nafasi. Nikamuuliza nani alimfurahia siku hiyo mara ya mwisho.

"Mama," alisema. "Alinipikia uji wa maziwa na mchele, wenye iliki. Kabla sijaja huku."

Alisema hivyo akitafuta kalamu yake mfukoni, wala hakunitazama. Lakini mimi niliondoka pale nimeshaamua kwamba mwaka huu Mwalimu atapata nafasi.

Ijumaa yangu ya mapumziko nilikwenda Al Sadd kwenye duka la Wahindi linalouza ubani na taa za ibada, nikachagua shada jipya, jeupe na la rangi ya machungwa, zuri kuliko lile la shule. Mwenye duka akauliza ni la nani. Nikasema ni la mwalimu wangu. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, halafu akanifungia na kamba ya yasmini juu yake, akakataa malipo ya ile yasmini. Nikatoka dukani nikisema moyoni, jamani hawa watu wana heshima kwa walimu.

Siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa Mwalimu aliniambia kesho atachelewa, ana miadi kwenye kliniki ya macho. Nikaona Mungu mwenyewe amenipangia. Asubuhi ile nilifungua maktaba kwa funguo zangu, nikashusha ukutani picha yake waliyompiga alipotimiza miaka ishirini shuleni, nywele bado nyeusi tititi. Nikaweka meza, nikasimamisha picha, nikaivisha shada. Ile yasmini nikaizungushia fremu. Kadi zake Mwalimu hazikuwa na salamu, zilikuwa na jina na tarehe tu, basi na mimi nikaandika jina lake na siku na mwezi. Mwaka sikuandika, kwa adabu, nikidhani hataki watu wajue umri wake. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama kazi yangu, na nakumbuka nilitabasamu.

Mhudumu wa basi la kwanza alikuwa mama wa Kihindi aliyefanya kazi pale miaka mingi. Aliingia, akaona, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akavua viatu. Nikasema, ona heshima. Wengine wakaja nyuma yake, wakagusa ukingo wa meza na kugusa vipaji vya nyuso zao. Madereva wakaitwa waje waone. Simu zikatolewa, wakapiga picha. Mwalimu mmoja wa sayansi akaanza kulia, na mimi nikadhani ni machozi ya furaha. Aki mimi. Nilisimama pale kando ya meza na sare yangu, nimenyoosha mgongo, nikipokea watu.

Mwalimu mkuu alikuja mbio, sari yake ameishika mkononi asijikwae.

"Nani amekuambia?" aliniuliza.

"Hakuna aliyeniambia, madam. Niliona kwenye kitambulisho chake."

"Kitambulisho? Kwani walimpata wapi?"

"Walimpata?" nikasema. "Yuko kliniki ya macho."

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, na wangu nadhani ulibadilika pia. Aliling'oa shada kwa mkono wake. Lakini picha zilikuwa zimeshaondoka. Zilikuwa kwenye simu za madereva, za wazazi, za waliowahi kusoma pale na sasa wako kila pembe ya dunia. Wakampigia Mwalimu, simu imezimwa. Wakapiga tena na tena, imezimwa. Kufikia saa tatu, haki ya Mungu, hata mimi niliyeiweka ile picha kwa mikono yangu nikaanza kuogopa. Nikawa najiuliza kama nimemwitia mauti.

Alifika saa nne. Walikuwa wamemtia dawa machoni, amevaa miwani nyeusi, anatembea polepole akipapasa ukuta, na zile sandali zake hazisikiki. Mhudumu wa basi aligeuka akamwona, akaangusha ndoo ya maji. Mwalimu akaja mpaka mezani, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha picha, maana hakuwa anaona vizuri. Kadi ilikuwa bado pale na yasmini pia. Alisoma jina lake mwenyewe. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Mole," aliniambia, "umeniwekea bahasha zote mbili siku moja."

Watu wakacheka, wakamshika mikono, mwingine akampapasa mashavu. Ililetwa chai na peremende. Nami nilicheka pia. Nilifikiri yamekwisha.

Kisha akawasha simu.

Kule kijijini jirani mwenye simu ya kisasa alikuwa ameingia nyumbani kwao kutoa pole kabla dada yake Mwalimu hajajua lolote. Alimwonyesha yule mama picha. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja tu, nani amemvisha, na hapakuwa na wa kumjibu. Akaagiza aletewe taa. Mwalimu alipopiga, dada alilia kwa furaha mpaka akashindwa kusema, akampelekea mama simu sikioni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akairudisha.

"Mwambieni huyu ndugu ahsante kwa kujaribu kunifariji," alisema.

Wakajaribu simu ya video. Akaona mzee mwenye mvi na macho mekundu ya dawa. Akasema huyu ni mzee, mwanawe ana nywele nyeusi, na akaonyesha kwa kidole ile picha kwenye simu ya jirani. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumwacha kabla ya hapo. Alikuwa anasahau kama amekula, anamwita binti yake kwa jina la shangazi. Yote yalimtoka, lakini hili likakaa. Kesho yake alitaka picha ile ichapishwe, akaitundika sebuleni, akaivisha maua ya kweli, na kila jioni akawa anaiwashia taa.

Nililia nyuma ya mashine ya maji. Mwalimu alinikuta huko. Alinieleza habari yote kwa utulivu, na alipomaliza akasema si mimi, akili ya mama yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa, imekaa hapo. Sikumwamini. Laiti angenitukana. Kampuni ilinipa barua ya onyo, na mwalimu mkuu alitaka nihamishwe. Mwalimu akamwendea akamuuliza, akiondoka huyu nani atapanda kigoda? Nikabaki. Wakati mwingine nafikiri ingekuwa nafuu kama ningefukuzwa.

Miezi iliyofuata sitaki kuikumbuka, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tuliendelea na bahasha kila asubuhi, lakini mikono yangu ilikuwa mizito. Nyuso zile upande wa kulia zilinitazama kama mtu aliyefungua mlango usiofunguliwa. Wanafunzi wadogo walikuwa wakimpisha Mwalimu ukumbini na kunong'ona. Hata walimu wenzake, kwa kuwa walikuwa wamemlilia saa tatu nzima, hawakuweza kumtazama kama zamani. Mtu ukishamlilia, machozi hayarudi ndani. Nami kila aliponitokea nyuma bila sauti niliruka. Alipoacha kikombe mezani nilikigusa kwa siri nione kama kina joto. Nilijua ni upuuzi, na bado nilikigusa.

Mbaya kuliko yote ilikuwa saa kumi alasiri. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka, yeye akibaki maktaba akibandika kadi, mimi nikingoja zamu yangu iishe. Saa kumi ya Doha kule kwao ni saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linazama. Ikifika saa hiyo aliacha alichokuwa anafanya. Kama alikuwa na mkasi, aliuweka chini. Alikaa dakika mbili tatu mikono juu ya magoti.

"Sasa ananiwashia," aliwahi kuniambia.

Nje jua la Doha linawaka utadhani ni saa sita, kiyoyozi kinanguruma, na mtu yuko mbele yangu anapumua, na mbali huko mama yake anamuombea kama marehemu. Nilishindwa kukaa naye ndani ya dakika hizo. Nilikuwa natoka nje nasimama kwenye joto.

Nilianza kumpigia mama yangu kila siku. Akashangaa, akaniuliza kwani kuna nini, una mimba? Nikamwambia hakuna, nataka tu anitazame kwenye simu aniambie anaona nani. Akaniambia anaona mtu mwenye wazimu ambaye hajasuka nywele. Nikalia kwa kutambuliwa hivyo.

Likizo ya kiangazi Mwalimu alikwenda nyumbani. Kabla hajapanda teksi alinishika kichwa, akasema akifika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, mama atajua. Nilimwamini. Nilifunga siku ile, mimi ambaye hata kanisani huchelewa. Wiki tano nilingoja ujumbe wa kuniambia amejulikana, na simu ilileta picha za mvua tu.

Alirudi mwisho wa mwezi wa nane. Asubuhi ya kwanza alikuja ukumbini kama kawaida, akaweka mfuko wa nailoni mezani, akakaa kwenye kigoda changu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Sikuthubutu kuuliza. Akaanza mwenyewe.

Alisema siku tano mfululizo alimwambia mama yake, mimi ndiye mwanao. Kila siku mama alilia upya, maana alidhani ni mgeni anayemdhihaki katika msiba wake, na akakataa kula. Siku ya sita Mwalimu akanyamaza. Akasema yeye ni rafiki wa marehemu, wamekaa pamoja Doha. Mama akafuta machozi, akamkaribisha kwenye kiti kizuri, na akala.

"Akaniuliza kama mwanawe alikuwa akila vizuri huku," Mwalimu alisema. "Nikamwambia alikula vizuri. Akauliza kama aliumwa sana. Nikamwambia hapana, hakuumwa, alilala tu. Akauliza kama alikuwa akimtaja. Nikamwambia kila siku."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Hakunyamaza.

"Akanipikia ule uji, mole. Wa iliki. Mtu asiyekumbuka kama amekula, uji ule aliukumbuka. Akaniletea bakuli akasema, mwanangu alikuwa akiupenda, kula wewe kwa niaba yake."

"Ukala?"

"Nikala bakuli mbili."

Akachukua ule mfuko akanipa. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha pamba chenye pindo la dhahabu, kitambaa ambacho wanawake wa kwao huvaa siku kubwa. Akasema mama yake hakuwa ameacha kuuliza lile swali lake la kwanza, nani alimvisha mwanawe. Mwishowe Mwalimu alimjibu, ni binti mmoja wa Afrika, mlinzi wa shule. Yule mama akainuka peke yake, bila mkongojo, akaenda kabatini.

"Alisema, mwanangu hakuwa na ndugu huko. Mtu wa mbali akamvisha ua kama ndugu. Mpelekee, umwambie mama wa marehemu anamshukuru."

Sikukipokea. Nilirudisha mikono nyuma. Nilimwambia Mwalimu siwezi kuchukua shukrani kwa kitu kama kile, kwamba ningeweza ningemrudishia mama yake vile alivyokuwa, kwamba mimi ndiye niliyemuua kwake. Nilisema kwa sauti kubwa na mwangwi wa ukumbi ukanirudishia. Akangoja nimalize.

"Unajua mama aliishi na hofu juu yangu miaka mingapi?" alisema. "Kila simu ikilia, alishtuka. Sasa hashtuki tena. Wewe chukua kitambaa. Hiki ndicho kitu pekee alichonipa nilete, nami sina pengine pa kukipeleka."

Nilikichukua. Kipo kitandani kwangu chini ya mto, kimekunjwa vilevile alivyokikunja. Sijawahi kukivaa.

Halafu ikazunguka ile siku, mwaka wa pili. Nilikuwa nimepanga kuugua. Lakini wiki moja kabla, Mwalimu aliniambia dada yake amepiga. Mama ameuliza kama huko Ghuba watamkumbuka mwanawe siku yake ikifika. Anataka kuona.

"Tufanye mapema," alisema, "kabla ya basi la kwanza. Halafu tutoe haraka, watu wasishtuke tena."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tu katika ukumbi ule, saa kumi na mbili kasorobo, taa za dari zikiwa bado zinajipasha. Nilitoa bahasha ya siku hiyo. Mwimbaji na jaji kushoto, mhandisi wa madaraja kulia. Mwalimu mwenyewe aliishusha picha yake ukutani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Shada aliliweka mwenyewe mezani, lilelile langu la Al Sadd. Kumbe alikuwa amelitunza kwenye droo muda wote huo. Akanipa. Nilimwomba avishe yeye, mimi siwezi. Akasema haiwezekani mtu ajivishe, na mama anajua ni mimi ninayevisha.

Nilivisha. Nikalipindisha. Yeye akasimama kando akinielekeza, pandisha kidogo kulia, sasa shusha, hapo, hapo pamekaa sawa. Aliongea kwa sauti ileile ya kila siku ya kunipa kadi.

Akanipa simu yake nipige picha, kwa kuwa macho yake yalikuwa bado hayajapona sawasawa. Nikapiga. Nikaitazama ile picha kabla ya kuituma, nikaona kwenye kioo cha fremu, juu ya uso wa kijana mwenye nywele nyeusi, uso wa mzee mwenye mvi ukitazama. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwalimu," nikasema, "sogea kidogo. Unaonekana kwenye kioo."

Alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, mpaka mlangoni kabisa. Nikapiga tena. Safari hii hakuonekana, na hiyo ndiyo tuliyomtumia mama yake.